Kompyuta ya Gwakisa

Ibaba, Ileje
3 Machi 2024

Kwa binti yangu Dina,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu. Mimi na mama yako tu wazima, ukiacha magoti yake ambayo kila masika lazima yalalamike. Viazi vimetoka vizuri na kahawa inaendelea. Nawe je, kifua kimepona? Vumbi la malori ya Tunduma si la kufanyia mzaha, uwe unafunga dirisha.

Nakuandikia barua kwa sababu jambo lenyewe si la simu. Unajua huku kwetu mtandao unapatikana pale juu kwenye kona ya kanisa tu, na ukisimama kuongea, kila anayesubiri zamu yake anakusikia. Barua anaibeba Osea kwenye gari lake na kukukabidhi mkononi, basi.

Mdogo wako Tusekile amepata mchumba huko Momba alikopangiwa kazi ya zahanati. Anaitwa Kashinje, Msukuma, mfugaji. Alikuja kujitambulisha na kaka yake, watu wenye adabu, wakala chakula chetu bila kuchaguachagua. Anasema ana ng'ombe mia na zaidi. Lakini wazee wa ukoo wananionya nisikimbilie. Wanasema kule bondeni mtu anaweza kuchunga ng'ombe mia na asiwe na hata mmoja wake, wote ni wa watu, yeye anawatunzia tu. Katika maongezi alitaja kwamba akiba yake anaiweka kwenye benki yenu hapo Tunduma.

Sasa mwanangu, wewe si unakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima? Mchungulie. Kikao cha mahari ni tarehe 13 Aprili. Sitaki hela yake, nataka kujua tu kama anachosema ndicho alicho nacho.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako,
Yesaya Mbonile


Tunduma
10 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama umpe shikamoo yake. Kifua kimepona, asante kwa kuuliza, ila dirisha nikilifunga nafa kwa joto, kwa hiyo nimechagua vumbi. Barua Osea alinipa mbele ya wateja, akatangaza kabisa kwamba inatoka kwa mzee Mbonile, nikaona aibu na furaha kwa pamoja. Ila Baba, mwandiko wako umebadilika. Wewe uliyekuwa katibu wa chama cha kahawa, herufi zimenyooka kama vijiti, leo zinalala upande. Unaumwa mkono?

Habari ya Tusekile imenifurahisha. Ile nyingine siwezi, na usinielewe vibaya.

Mwaka jana tulipelekwa semina Mbeya siku tatu, na kitu tulichofundishwa ni hicho hicho. Taarifa za mteja si zangu. Naruhusiwa kufungua akaunti ya mtu akiwa amesimama mbele yangu au kazi yake ikiwa mezani kwangu, si vinginevyo. Kila mmoja wetu ana jina lake la kuingilia kwenye mfumo na neno lake la siri, na kila ukurasa ninaoufungua unaandikwa: Dina Mbonile, saa fulani, dakika fulani. Haifutiki. Meneja wetu, Wilbard, ni mpole kuliko mchungaji wetu, lakini kwa jambo hili alimfukuza dada mmoja aliyechungulia akaunti ya mumewe. Na mumewe mwenyewe alikuwa ameshamsamehe.

Kwa hiyo muulizeni Kashinje mwenyewe. Au tumeni mtu akahesabu ng'ombe na kuuliza majirani, kama walivyofanya wazee wa zamani.

Mwanao,
Dina


Ibaba
24 Machi 2024

Mwanangu Dina,

Hatujambo. Mvua zimezidi, njia ya Isongole imekatika mahali pawili, ndiyo maana barua hii imechelewa. Mkono wangu haujambo, ni uzee tu.

Nimeisikia barua yako vizuri, na nakiri iliniuma. Sikubishii sheria za kazi. Nilikuwa katibu miaka kumi na tisa, najua daftari la watu ni nini. Lakini unazungumza na mimi kama mteja niliyefika kaunta bila kitambulisho.

Dada yako Rosemary nilimtoa kwa mtu aliyekuja hapa na gari. Gari la kuazima. Suti ya kuazima pia. Tukampokea, tukachinja. Miaka miwili baadaye akafia Nakonde na mtoto tumboni, kwa sababu mumewe hakuwa na nauli ya kumfikisha hospitali. Wewe ulikuwa chuoni. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua, nikarudi naye nyuma ya lori la mahindi, na njia nzima nilijiuliza swali moja tu: kwa nini sikuuliza?

Sasa nimebaki na wasichana wawili. Mmoja anaolewa na mtu ambaye simjui kwao, sijui lugha yake, na mwingine ana uwezo wa kujua kwa dakika moja na anakataa.

Ukishindwa, basi. Sitakuandikia tena juu ya hili.

Baba yako


Tunduma
3 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Sikulala siku mbili baada ya barua yako. Kuhusu Rosemary hujawahi kuniambia ile habari ya lori la mahindi.

Nimefanya ulichotaka. Nitakueleza jinsi nilivyofanya, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Meza yangu na ya Gwakisa zinapakana, ofisi ya nyuma. Ni kijana wa Vwawa, mkewe amejifungua mwezi uliopita, ananunua maandazi kila asubuhi na kuniwekea mawili bila kuombwa. Sheria ni kwamba ukiinuka ufunge kompyuta. Lakini hapa mtandao ukiwa mzito, kuingia upya kunachukua dakika kumi, na nje kuna mawakala wa forodha wenye malori yaliyosimama mpakani wanagonga kioo. Kwa hiyo tunaacha wazi. Sote. Mmoja akienda kula, mwenzake anamalizia kazi kwenye kompyuta yake, na tunaona ndiyo kusaidiana. Jana saa saba Gwakisa alikwenda kula. Nikavuta kiti.

Nilitumia ya kwake ili jina langu lisionekane.

Mkwe wako hakudanganya. Fedha anayo, na inatokana na mauzo ya mnadani, si ya mtu mwingine. Tena kuna maelezo kwamba ametoa taarifa benki: Alhamisi tarehe 18 atachukua milioni thelathini na mbili taslimu, nadhani kwa ajili ya lile shamba la mpunga alilomwambia Tusekile. Mwenye shamba hataki hundi. Unaona basi, ni mtu mwenye mipango. Mpeni binti yetu kwa amani.

Barua hii isome peke yako, ukimaliza ichome. Nami zako nazichoma. Usinitume tena kitu cha namna hii, Baba, nakuomba kwa magoti.

Mwanao,
Dina


Ibaba
14 Aprili 2024

Binti yangu mwema,

Sote wazima na wenye furaha. Kikao kimekwisha jana salama. Kashinje na ndugu zake walifika asubuhi na mapema, tukakubaliana bila kuvutana, mpaka wazee wakashangaa mimi Mbonile nimekuwaje mlaini hivi. Nilikuwa nacheka moyoni. Tusekile alivaa lile gauni ulilomtumia. Mama yako alicheza na magoti yake hayo hayo.

Barua yako imeshaungua, usiwe na wasiwasi. Umenipa usingizi ambao sijaupata tangu Rosemary.

Harusi ni baada ya mavuno. Jiandae kuomba likizo.

Ni mimi baba yako mwenye furaha


Tunduma
21 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Sina nguvu ya kuuliza habari za huko.

Tusekile atakuwa amewafikia kabla ya barua hii, kwa hiyo mnajua kwamba Kashinje amefariki. Alitoka hapa benki Alhamisi saa tano. Nilimwona kwa macho yangu akisaini kaunta, hakunijua, mimi nikatabasamu peke yangu kwa kuwa ni shemeji yangu. Kwenye barabara ya kushuka Momba watu watatu wenye mapanga walitega mti njiani, akasimamisha pikipiki. Mpita njia aliyejificha anasema walimwita kwa jina na kumwambia atoe mfuko wa benki. Hawakuuliza kama anao. Alikataa, wakamkata. Alifia hospitali kesho yake.

Ijumaa mchana polisi walikaa na Wilbard. Walitafuta kwenye mfumo nani amefungua akaunti ya marehemu tangu atoe taarifa. Wakakuta tarehe 2 Aprili, saa saba na dakika kumi na mbili, mteja hayupo, hakuna kazi yoyote iliyofanyika, ni kutazama tu. Jina: Gwakisa. Wamemchukua mbele yetu. Alikuwa anarudia neno moja, "Sikumbuki." Alikuwa anasema kweli, angekumbuka vipi? Alinitazama nimsaidie kukumbuka, maana mimi ndiye ninayekaa karibu naye. Nikatazama chini.

Baba, nataka unijibu jambo moja. Niliandika tarehe na kiasi kwenye karatasi moja tu duniani, nikakutumia wewe. Ulimwambia nani?

Dina


Ibaba
30 Aprili 2024

Mwanangu Dina,

Salamu kwako. Anayeandika leo ni mama yako. Unamjua, aliishia darasa la nne, herufi anazitafuta mojamoja, kwa hiyo utavumilia.

Sikumwambia mtu. Lakini kuna jambo nililokuficha. Macho yangu hayaoni. Yalianza mwaka juzi, sasa naona mwanga na kivuli tu. Nilimkataza mama yako kukuambia kwa sababu ungekimbilia kukopa ili nikafanyiwe upasuaji, na ulikuwa hujamaliza hata mkopo wa chuo. Barua zako nilikuwa nasomewa na Sadoki, mtoto wa kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa ananiandikia. Ndio ule mwandiko uliouona umelala.

Ile barua alinisomea yote. Alipofika mahali ulipoandika isome peke yako, alisoma hivyo hivyo, tukacheka wote wawili. Nilimwambia aitie motoni. Nilisikia karatasi inaungua. Sasa sijui ilikuwa karatasi gani.

Sadoki hayupo tangu tarehe 16. Alimwambia mkewe anakwenda Isongole kununua mahindi. Juzi watu wamesema wamemwona ng'ambo, Malawi, amevaa viatu vipya.

Mimi nilimlea baada ya kaka kufa. Nilimpa macho yangu ayashike. Hata sijui nimlaani vipi.

Dina, hakuna anayejua isipokuwa sisi watatu na yeye, na yeye hatasema. Nakuomba ukae kimya. Huyo kijana wa Vwawa hakufanya kitu, Mungu atamtoa. Wewe ukisema, hutoki. Mama yako amegoma kuandika sentensi hii ya mwisho, nimemsubiri mpaka chai imepoa.

Baba yako


Tunduma
23 Juni 2024

Baba na Mama,

Shikamooni wote wawili. Natumaini macho hayaumi. Nimekaa wiki nane bila kuandika kwa sababu nilikuwa nakutii, Baba, na nikikutii sikuwa na la kusema.

Wacha nieleze nilivyokaa kimya. Mwezi wa tano makao makuu walituletea semina ya pili, hapa hapa tawini, baada ya saa za kazi. Wilbard alinichagua mimi niwasomee wenzangu kanuni, kwa sababu eti nina sauti nzuri na sijawahi kupata onyo. Nikasimama. Nikasoma: usimwachie mwenzako kompyuta yako. Nikasoma: usitoe taarifa za mteja kwa ndugu. Nikasoma mpaka mwisho na wakanipigia makofi. Kiti cha Gwakisa kilikuwa kitupu, mtu ameweka mkoba wake juu yake.

Mkewe anakuja kila Jumatatu na mtoto mgongoni kuuliza mshahara umesimamishwa mpaka lini. Kesi ya mauaji haina dhamana. Aliniambia Gwakisa anamtuma aniulize mimi, kwa kuwa nilikuwa jirani yake, kama nakumbuka siku ile alikuwa na mteja gani. Amekonda, anasema, ila hajakata tamaa, ana hakika nitakumbuka. Baba, hapo nikashindwa.

Jumanne iliyopita niliingia kwa Wilbard na kumwambia yote. Nilitegemea atapiga simu polisi palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole kama mimi na Gwakisa tuna mapenzi. Nikasema hapana. Akasema, "Dina, mfumo unasema Gwakisa. Neno la siri ni la Gwakisa. Kila mwaka tunawafundisha kwamba jina lililo kwenye mfumo ndiye mtu, leo niandike kwamba si yeye?" Kamera zetu zinatazama kaunta na chumba cha fedha, hazitazami meza za nyuma.

Nikaenda polisi mwenyewe. Mpelelezi aliandika maelezo yangu nusu ukurasa, akasimamisha kalamu. Akauliza barua iko wapi. Nikasema ilichomwa. Akauliza barua zako za kuniomba ziko wapi. Nikasema nilizichoma mimi, zote, na ile ya Mama niliichoma siku ileile ilipofika, kwa woga. Akauliza Sadoki yuko wapi. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema wanawake wengi huja kujitwisha makosa ya wanaume, ameshazoea. Lakini akasema hivi: "Kama uliandika barua, kuna mtu aliipokea. Mlete mzee wako aseme aliyosomewa. Hapo faili nalifungua upya na Sadoki atatafutwa mpaka huko alikovuka."

Ni wewe tu, Baba. Huhitaji macho kwa hili. Unahitaji kukaa kwenye benchi na kusema ulichosikia.

Najua nini kitanipata. Nimeshawaza, na nimeogopa mpaka woga umeniishia. Tusekile atajua, na huenda asinisalimie tena maisha yake yote. Bado nataka uje. Gwakisa anarudishwa mahakamani tarehe 8 Julai. Nimemlipa Osea viti viwili vya mbele, chako na cha Mama, Ijumaa tarehe 5. Nitawasubiri stendi. Nitakushika mkono mpaka mlangoni kwa mpelelezi, halafu wao wakinichukua, Mama atakurudisha.

Njoo, Baba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Mwanao,
Dina


Ibaba
6 Julai 2024

Kwa Dina Mbonile,

Tunakusalimu. Huku sote ni wazima, baridi imeshika, kahawa tumeanza kuchuma. Tusekile yuko nasi tangu msiba. Anakula kidogo. Nimemwambia wezi walimfuata mchumba wake kutoka mnadani, na amekubali hivyo.

Osea alisimama hapa jana alfajiri akapiga honi muda mrefu. Samahani kwa nauli yako.

Polisi wa Ileje wamekuja leo na mjumbe wa kitongoji. Walitumwa kutoka Tunduma kuniuliza. Nimewajibu, wameandika, nami nimeweka dole gumba. Nakuandikia nilivyowajibu ili nawe ujue na tusipishane:

Mimi Yesaya Mbonile ni kipofu. Sijapokea barua yoyote kutoka kwa binti yangu mwaka huu. Sijamwomba aangalie akaunti ya mtu. Sadoki ni mtoto wa kaka yangu, amekwenda kutafuta maisha, hakuwahi kunisomea chochote. Binti yangu alimpenda sana shemeji yake na msiba umemchanganya akili.

Walinishukuru kwa muda wangu.

Nilimzika mmoja, Dina. Usinidai wa pili. Kijana wa Vwawa ana baba yake, naye atafute la kusema kwa ajili ya mwanawe kama mimi nilivyofanya kwa wangu. Najua utanichukia. Nichukie ukiwa nje.

Acha kazi hiyo urudi nyumbani. Chumba chako kimefagiliwa.

Baba yako

Mimi mama yako nimeandika kama alivyosema.